Filamu Imo Ndani, Njia Haimo

Katika barza za Unguja na Pemba yamezuka malalamiko mapya ambayo wazee wetu hawakuyajua. Mtu amejinyima, amenunua televisheni ya kioo kipana, na kwenye kasha lake imeandikwa kuwa inaonyesha picha za kiwango cha 4K. Filamu anayo, ameipata kwa njia ya halali na kuihifadhi katika kompyuta iliyoko chumbani. Usiku watoto wanakusanyika ukumbini, filamu inafunguliwa, picha inatoka safi hata nywele za mtu zinahesabika. Haupiti muda mrefu picha inaganda, kiduara kinazunguka katikati ya kioo, na maneno ya mchezaji yanakatikia kinywani mwake. Kesho yake mwenye nyumba anakwenda dukani kuongeza bando la intaneti. Fedha zinatoka, na usiku kiduara kinazunguka vilevile.

Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu, maana linagusa mifuko ya wananchi na, kama tutakavyoonyesha, linawahusu pia viongozi wetu wanaoidhinisha ramani za majengo ya umma. Ukweli wenyewe ni huu: filamu iliyomo ndani ya nyumba haihitaji intaneti hata chembe ili ifike kwenye televisheni iliyomo ndani ya nyumba hiyohiyo. Baina ya chumba na ukumbi hakuna bahari ya kuvuka. Inayotakiwa ni njia ya ndani, iliyo pana na isiyokatika, na kwa wengi wetu njia hiyo ndiyo mbovu au haipo kabisa.

Kile chombo kiitwacho ruta, ambacho wengi wetu hukidhania kuwa ndicho intaneti yenyewe, kina kazi mbili zisizofanana. Kwanza ni mlango wa nje, unaopitisha habari kutoka na kwenda ulimwenguni. Pili ni njia panda ya ndani, inayoziunganisha kompyuta, simu na televisheni za nyumba moja. Ukiuchomoa waya unaotoka nje, kazi ya kwanza inakufa papo hapo, lakini ya pili inaendelea kama kwamba hapakutokea kitu. Mwenye shaka na afanye jaribio hilo usiku wa leo: aikate intaneti, kisha aifungue filamu yake. (Zipo programu chache ambazo hazifunguki mpaka ziombe ruhusa kwa bwana wao aliyeko ng'ambo, hizo tunashauri ziepukwe.) Ikiwa filamu inakatika namna ileile, basi ugonjwa umo ndani na bando halitautibu. Kununua bando kwa ugonjwa huo ni sawa na kutaka bandari ya Malindi ipanuliwe ilhali kilichoziba ni kichochoro cha mlangoni kwako.

Jambo hili kwa asili yake si geni visiwani. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures kilichotoka mwaka 2018, ameeleza jinsi nakala moja tu ya filamu ilivyoweza kuonyeshwa siku moja katika majumba zaidi ya moja ya sinema. Jumba la kwanza lilianza mapema kidogo. Gurudumu la kwanza la ukanda lilipomalizika, lilichukuliwa mbio kwa baiskeli hadi jumba la pili, na huku nyuma gurudumu la pili likizunguka. Watazamaji wa jumba la pili hawakungoja filamu nzima ifike. Walitazama sehemu iliyokwisha kufika, na sehemu ya kufuata ilikuwa njiani. Hivyo ndivyo hasa kompyuta inavyoipelekea televisheni filamu siku hizi: inatuma vipande kwa vipande, na televisheni inajiwekea akiba ndogo ya sekunde chache za mbele. Mwendesha baiskeli akichelewa, kioo kilibaki kitupu na ukumbi mzima ukapiga kelele. Kiduara cha leo ni baiskeli iliyochelewa.

Basi na tuupime mzigo wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Picha ya filamu ya kiwango cha juu cha kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya nukta milioni mbili. Picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni nane, mara nne ya ile ya kwanza. Katika zama za diski za DVD, filamu haikuhitaji zaidi ya megabiti 10 hivi kwa sekunde, na njia yoyote mbovu iliweza kuibeba. Chukua sasa faili la filamu ya 4K lenye ukubwa wa gigabaiti 50, ambao si wa ajabu kwa faili lililonakiliwa kutoka diski yake bila ya kubanwa, na filamu hiyo iwe ya saa mbili. Gigabaiti 50 ni gigabiti 400. Saa mbili ni sekunde 7,200. Ukigawa, utapata takriban megabiti 56 kwa kila sekunde, tangu mwanzo hadi mwisho. Na huo ni wastani tu. Pahala pa mvua, pa moshi, pa mawimbi ya bahari au pa vita vya watu wengi, ambapo kila nukta inabadilika, mzigo huweza kupanda na kuzipita megabiti 100 kwa muda mfupi, kisha ukashuka. Ndiyo maana filamu hukatika pale hasa penye uhondo, na mtazamaji akadhani anachezewa.

Wapo watakaouliza: mbona filamu za kampuni za ng'ambo zinazokuja kwa intaneti zinatazamika bila ya shida? Zinatazamika kwa sababu zimekwisha kubanwa sana kabla ya kutumwa. Netflix humshauri mteja wake awe na megabiti 15 kwa sekunde ili atazame picha ya 4K. Kubana huko kuna ufundi mkubwa na hatuubezi, lakini giza la usiku hugeuka madoa, na moshi hugeuka vigae. Aliyehifadhi faili kamili nyumbani kwake anacho kitu bora kuliko kile anacholetewa. Penye miti hapana wajenzi.

Tatizo letu la kwanza ni kuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake huwa na unene wa karibu nusu mita. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo kutoka chumba kimoja hadi cha tatu kuna kuta mbili nene ndani ya hatua chache. Kuta hizo zimetuhifadhia ubaridi kwa miaka mingi na tunazishukuru, ila mawimbi ya waifai huzipita kwa taabu. Mawimbi ya gigahetsi 2.4 hujikokota yakapita, lakini hubeba mzigo mdogo. Yale ya gigahetsi 5 hubeba mzigo mkubwa, lakini ukuta mmoja wa mawe huyachosha na wa pili huyamaliza. Mwenye ruta ghorofa ya chini na televisheni ghorofa ya tatu hata asijisumbue.

Katika majumba ya ghorofa ya saruji yenye nondo hali ni ya namna nyingine. Humo, mbali ya ukuta, wapo majirani. Katika mkondo wa gigahetsi 2.4 kuna njia tatu tu ambazo haziingiliani, nazo ni ya 1, ya 6 na ya 11. Fikiri jengo lenye familia arubaini, kila familia na ruta yake, na zote zinagombania njia tatu. Jirani akianza kutazama mpira, filamu yako inaona haya. Tena kuna jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalisemi: ikiwa kompyuta inatuma kwa waifai na televisheni nayo inapokea kwa waifai ileile, kila kipande cha filamu kinapita hewani mara mbili, mara moja kwenda kwenye ruta na mara nyingine kutoka kwenye ruta kwenda kwenye televisheni. Kasi iliyokuwapo inagawika karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo, hata asiyeweza kutandika waya nyumba nzima, auweke angalau waya mmoja mfupi baina ya kompyuta na ruta, ataona tofauti siku hiyohiyo.

Dawa ya kweli ni waya. Waya wa shaba wa daraja la Cat 5e, ambao mafundi wetu wanaujua, hupitisha gigabiti moja kwa sekunde katika masafa ya hadi mita 100, yaani karibu mara ishirini ya wastani wa filamu tuliyoipigia hesabu. Haujali ukuta wala haumjui jirani. Bei yake, ukiilinganisha na bando za mwaka mmoja, ni ndogo, na hununuliwa mara moja. Lakini mnunuzi awe macho, kwani sokoni zimejaa waya za alumini zilizopakwa ngozi ya shaba juu. Ni nyepesi mkononi, hukatika upesi, na hazifikii masafa yanayoandikwa kwenye maboksi yake. Mnunuzi aukwangue uzi kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, aurejeshe.

Hapa kuna kichekesho ambacho hatukukitarajia tulipoanza kulifuatilia jambo hili. Televisheni nyingi zinazojisifu kuwa za 4K zina tundu la waya lisilopitisha zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, na kwa kweli hupitisha pungufu ya hapo kidogo. Mtengenezaji amebana senti chache katika chombo cha thamani kubwa. Kwa filamu nyingi kasi hiyo yatosha. Kwa faili zilizo kamili kabisa, pale mzigo unapopanda, haitoshi, na mtu aliyetandika waya bora nyumba nzima atashangaa kuona kiduara kimerudi. Katika hali hiyo kisanduku kidogo chenye tundu la gigabiti, kikiunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, humaliza udhia. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, ina tundu la namna hiyo, na programu ya Kodi huendeshwa juu yake bila ya malipo.

Kuna na suala la lugha. Faili la filamu limeandikwa kwa kanuni fulani ya kubania. Iliyoenea sana ni H.264 ya mwaka 2003, na filamu za 4K aghalabu hutumia ile iliyoifuata, HEVC, ya mwaka 2013. Televisheni ikiifahamu lugha ya faili, kompyuta haina kazi ila kupeleka tu, na hata kompyuta kongwe huiweza kazi hiyo. Isipoifahamu, kompyuta inalazimika kuwa mkalimani, ifumue picha na kuisuka upya papo kwa papo, mara 24 kwa kila sekunde. Kompyuta dhaifu haiwezi; inapata moto, feni inalia, na filamu inakatika ingawa njia ni nyeupe. Mara nyingine kinachosababisha yote hayo ni maandishi ya tafsiri tu, ambayo televisheni haikuweza kuyaonyesha yenyewe. Programu nzuri huonyesha kama filamu inapelekwa ilivyo au inafasiriwa njiani, na Jellyfin, iliyoanza mwaka 2018 na ambayo ni ya bure, ni mojawapo. Mwenye nyumba aitazame alama hiyo kabla hajamlaumu mtu.

Tumeyasema haya kwa wenye nyumba. Sasa tunawageukia waheshimiwa wanaokaa katika ofisi.

Visiwa vyetu vinajua kuliko wengi maana ya kutegemea kamba moja iliyolala chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikaingia tena kwa kiasi cha miezi mitatu. Tarehe 12 Mei 2024 zikapata hitilafu kamba za intaneti za EASSy na SEACOM, na Tanzania nzima pamoja na majirani zake ikajikuta ikihangaika. Siku hiyo skuli inayotegemea masomo ya filamu kutoka ng'ambo haikuwa na la kufanya. Skuli ambayo masomo hayo yamehifadhiwa katika kompyuta yake yenyewe, na kufikishwa madarasani kwa waya wake yenyewe, isingejua hata kama kamba imekatika. Kifaa hicho si cha anasa: ni kompyuta moja ya kawaida, diski mbili ili moja iwe nakala ya nyingine, betri ya kuilinda pale umeme unapokatika ghafla, maana diski inayozimwa katikati ya kazi haina maisha marefu, na chumba kikavu kisichopata hewa ya chumvi moja kwa moja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilijenga majumba ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na mwananchi aliyetoka katika kibanda cha makuti akakuta maji na umeme vimekwisha kuingizwa ukutani. Hakuambiwa ahamie kwanza kisha atoboe. Fikra ile ilikuwa ni sahihi, na twauliza kwa nini isifuatwe kwa waya wa habari. Majengo mapya ya umma yanasimama kila mwaka, skuli za ghorofa, hospitali, nyumba za wafanyakazi. Na katika mengi yao fundi wa mtandao huja mwisho, rangi ikiwa imekwisha kukauka, akapitisha waya juu ya milango kama kamba ya kuanikia nguo, au akakata tamaa na kutundika ruta moja kwenye korido ihudumie madarasa kumi na mawili. Hatumtaji mtu wala idara. Ila ramani hupitishwa na watu, na watu hao husoma gazeti hili.

Katika Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kutoboa kuta kwa pupa ni kosa, na wanaoukataza wanafanya kazi yao. Lakini pale nyumba inapofanyiwa matengenezo kwa idhini, plasta imekwisha kubanduliwa na boriti ziko wazi, hapo ndipo pa kuupitisha waya mwembamba kandokando ya boriti bila ya kuujeruhi ukuta. Ingefaa mkaguzi anayetoa idhini alikumbushe jambo hilo yeye mwenyewe, kwa kuwa mwenye nyumba atalikumbuka baada ya chokaa kukauka.

Lipo jambo moja zaidi linalotukera kuliko filamu za dukani. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikangoja hadi 1994 ndipo ikapata kituo chake cha kwanza. Tuna picha zetu: za sherehe, za ngoma, za maulidi, za michezo, za wasanii ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki. Nyingine zimo katika hifadhi za umma na nyingine zimo makabatini mwa watu binafsi, katika kanda zinazoota ukungu. Zinapohamishwa kuingizwa katika kompyuta, mara nyingi hubanwa ili zienee katika simu, zikarushwa kutoka kundi hadi kundi, na kila zinaporushwa hubanwa tena, mpaka uso wa marehemu unakuwa doa la kahawia. Hiyo si hifadhi. Kanda ihamishwe mara moja kwa ubora wote iliyo nao, faili lake kubwa likae pahala pa salama, na anayetaka kuitazama aitazame katika maktaba, katika skuli au katika ukumbi wa shehia, kwa waya, bila ya kubanwa. Picha ni amana, na mwenye kupokea amana hairudishi ikiwa nusu.

Kuhusu filamu za watu wengine, tunasisitiza neno halali tulilolitumia mwanzoni. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, na msanii wa Makunduchi au wa Wete anayeuza filamu yake ana haki ileile aliyonayo msanii wa Bombay. Njia pana ya ndani ya nyumba si ruhusa ya kunakili kazi ya jirani na kuigawa mtaa mzima.

Tunachokipendekeza kwa waheshimiwa si kikubwa, na hakingoji bajeti ya mwakani. Ramani ya jengo lolote la umma ionyeshe, kwa kila chumba, bomba tupu la plastiki linaloanzia chumba kimoja cha katikati, likiwa na uzi ndani yake wa kuvutia waya siku utakapopatikana. Fundi anayechimba ukuta kwa ajili ya umeme anaweza kulilaza siku hiyohiyo, kwa saruji ileile. Ila asilipitishe waya wa umeme humo humo, kama tulivyoona ikifanywa. Hayo yawe mabomba mawili, yakipishana kwa nafasi ya kiganja.